RETINA na herufi ya saba: kujifunza maneno ya Scrabble kwa mafungu

Mchezaji wa Scrabble anayejifunza maneno kwa kusoma kamusi kuanzia A atachoka kabla hajafika C. Hata asipochoka, alichojifunza hakitamfaa sana, kwa sababu mezani huletewi neno. Unaletewa vigae saba vya herufi vilivyochanganyika, na kazi yako ni kuona maneno yaliyomo ndani yake. Kinachopaswa kukaa kichwani ni fungu la herufi pamoja na kila neno linalotokana nalo.

Fungu zuri la kuanzia ni A, E, I, N, R, T, ambalo wachezaji wengi hulikumbuka kwa neno RETINA. Uzuri wake uko kwenye hesabu. Mfuko wa Scrabble ya Kiingereza una vigae 100: E ni 12, A ni 9, I ni 9, na N, R, T ni 6 kila moja. Jumla ni 48. Karibu nusu ya mfuko mzima ni herufi hizi sita, ndiyo maana utazishika pamoja mara nyingi kuliko unavyodhani. Ukipata ya saba inayokubaliana nazo, umetumia vigae vyote kwa mkupuo mmoja na unaongezewa alama 50.

Swali ni herufi zipi zinakubali. Wazungumzaji wa Kiingereza hutunga sentensi ya Kiingereza yenye herufi hizo tu, kisha wanaikariri. Sisi tutunge ya Kiswahili, maana itakaa vizuri zaidi. Hii hapa ya RETINA:

Mpe mjukuu wetu mfupi mchele, ndimu, nguru, siki.

Kila herufi iliyomo inaungana na RETINA kutoa angalau neno moja la herufi saba. Usiongeze "na" kabla ya siki, kwa sababu A haimo, na ndiyo hasa inayofanya utunzi wa Kiswahili uwe mgumu: kuandika sentensi isiyo na A hata moja kunahitaji subira. Ukizihesabu utapata herufi 18. Ukiwa umeshika RETINA mwanzoni mwa mchezo, katika vigae 94 ambavyo hujaviona, 67 vinabeba herufi za sentensi hii. Ongeza vigae vitupu viwili, vinavyosimama mahali pa herufi yoyote, wapata 69.

Maneno yenyewe ni haya, si yote ila ya kuanzia. C inatoa CERTAIN na CREATIN. D inatoa TRAINED na DETRAIN. E: TRAINEE, RETINAE, ARENITE. F: FAINTER. G ni tajiri: GRANITE, INGRATE, TANGIER, TEARING. H: HAIRNET, INEARTH, THERIAN. I: INERTIA. J: JANTIER. K: KERATIN. L: LATRINE, RELIANT, RETINAL, RATLINE, TRENAIL. M: MINARET, RAIMENT. N: ENTRAIN. P: PAINTER, PERTAIN, REPAINT. R: TERRAIN, TRAINER, RETRAIN. T: NITRATE, ITERANT, NATTIER, TERTIAN. U: URINATE, RUINATE, TAURINE, URANITE. W: TAWNIER, TINWARE.

S ndiyo mama yao wote: NASTIER, RETAINS, RETINAS, RETSINA, STAINER, STEARIN, ANTSIER, ANESTRI, RATINES. Orodha ya maneno ya Collins, inayotumika kwenye mashindano Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya dunia, inaongeza RESIANT na STARNIE. Ukicheza Marekani kwa orodha yao, hayo mawili yatakataliwa. Kabla ya kuanza kukariri chochote, hakikisha unajua utacheza kwa orodha ipi.

Watu huuliza kwa nini ujue maneno tisa au kumi na moja ya fungu lilelile wakati moja linatosha kukupa zile 50. Halitoshi. Neno lako lazima liguse yaliyoko ubaoni, na nafasi ndiyo inayochagua. Labda upande wa kulia kuna nafasi wazi inayotaka herufi ya kwanza iwe S, basi STAINER inaingia na NASTIER haiingii. Labda hakuna nafasi ya neno la herufi saba kabisa, ila kuna P iliyo wazi katikati: hapo AEINRST, yaani RETINA pamoja na S, inapita juu ya P kwa PAINTERS, PANTRIES, PERTAINS au REPAINTS, tatu za kwanza zikianza na P, na REPAINTS ikiiweka nafasi ya tatu. Vivyo hivyo kwa G: ANGRIEST, GANTRIES, GRANITES, INGRATES, RANGIEST. Anayejua neno moja kwa kila fungu atakaa na vigae vizuri mkononi huku anatafuta mlango.

Na O haimo kwenye sentensi yetu, lakini usikimbilie kuitupa. Ukishika RETINA pamoja na O, angalia kama kuna S ubaoni. NOTARIES na SENORITA zinapatikana.

Namna ya kukariri. Chukua kadi, upande mmoja andika herufi kwa mpangilio wa alfabeti: si CERTAIN, bali ACEINRT. Nyuma andika majibu yote. Mpangilio huu ni muhimu kuliko unavyoonekana, kwa sababu unakupa sura moja ya kudumu kwa kila fungu; mezani panga vigae vyako hivyohivyo, na sura ileile inakujia. Kisha uwe na visanduku vitano. Cha kwanza kinapitiwa kila siku, cha pili kila siku ya tatu, cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano kila mwezi. Ukitaja majibu yote, kadi inasonga mbele. Ukisahau hata moja, inarudi kisanduku cha kwanza. Hapa ndipo wengi wanajidanganya: wametaja GRANITE na TEARING, wamesahau INGRATE, halafu wanasogeza kadi. Wenye kompyuta wanaweza kutumia programu ya Zyzzyva, inayofanya kazi hii yote yenyewe.

Kadi nne mpya kwa siku zinatosha. Changanya kadi kila mara, la sivyo utakariri utaratibu wa kadi badala ya herufi.

Jambo linalotusumbua sisi wa Kiswahili ni jicho. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo tukiona AEINRT tunapanga silabi zetu: ri, ta, ne. Lazimisha macho yaanzie mwisho wa neno. Tenga -ER, -IER, -ING, -ATE na -INE pembeni ya kibao chako, halafu tazama kilichobaki. Ukitenga -IER kwenye AEGINRT unabaki na T, A, N, G, na TANGIER inajitokeza yenyewe.

Kosa jingine ni kubandika S popote. CERTAIN haichukui S, wala RELIANT, wala NASTIER. TRAINED haichukui S mwisho ila inaichukua mwanzo, STRAINED. TRAINER inaichukua pande zote mbili. INERTIA inakubali E, L na S. Andika viungo hivi nyuma ya kadi ileile, kwa wino wa rangi nyingine.

Maana ya maneno iache kwanza. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Kiingereza chako cha kuungaunga si kizuizi, na katika baadhi ya mafungu una faida: AGMNO inatoa MANGO na AMONG, lakini Collins inakubali pia NGOMA.

Ukimaliza RETINA, nenda SATIRE. Anza na kadi tatu zenye mavuno: D inayotoa ASTRIDE, DISRATE, STAIDER, TARDIES, TIRADES, L inayotoa REALIST, RETAILS, SALTIER, SALTIRE, SLATIER, na P inayotoa PARTIES, PASTIER, PIASTRE, PIRATES, TRAIPSE. Sentensi yake itunge mwenyewe, kwa maneno ya nyumbani kwenu.