Majina kumi na matano ya Kerry

Usiku wa Ijumaa, tarehe 22 Julai 2022, nilikuwa zamu katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na mji wa Tralee, katika kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi. Jumapili yake Kerry walikuwa wacheze na kaunti ya Galway fainali ya ubingwa wa Ayalandi wa mpira wa Kigaeli katika uwanja wa Croke Park, Dublin, na tangu asubuhi nyumba nzima ilikuwa imepambwa kwa vitambaa vya kijani na dhahabu, hadi kwenye vigari vya dawa. Kwa kawaida saa tatu usiku wazee huwa wamekwisha kulala. Usiku ule watatu walikataa kata kata kuondoka sebuleni, na mkuu wa zamu aliponiuliza kwa nini sijawapeleka vyumbani, nilimjibu kwamba kuna jambo halijamalizika.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: kama ungepewa wachezaji wote waliopata kuvaa jezi ya Kerry, walio hai na waliokufa, ungewapanga kina nani kumi na watano? Mpira wa Kigaeli huchezwa na watu kumi na watano kila upande, kwa mikono na kwa miguu, na goli lake lina milingoti mirefu inayopanda juu ya mwamba. Mwaka ule ukipitisha mpira juu ya mwamba ulipata pointi moja. Ukiutia wavuni unapata tatu. Nilikuwa nimekaa Kerry miaka minne na nilikwisha kuujua mchezo kiasi cha kutouliza maswali ya kitoto. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kalamu na macho mazima, nilikabidhiwa kalenda ya mwezi uliopita, nikaigeuza nyuma na kuandika namba moja hadi kumi na tano.

Wa kwanza kusema alikuwa mzee wa Tralee, aliyekuwa tarishi wa posta maisha yake yote. Wa pili alikuwa mvuvi mstaafu wa Cahersiveen, katika rasi ya Iveragh, mtu wa maneno machache ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza. Wa tatu alikuwa bibi wa kaskazini ya kaunti, karibu na kijiji cha Moyvane, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja. Aliketi dirishani na shali yake, na kwa muda mrefu tulidhani amesinzia.

Kipa hakuleta shida. Dan O'Keeffe, medali saba za ubingwa, wa kwanza mwaka 1931 na wa mwisho 1946, nikaandika. Namba tatu, beki wa kati, mzee wa Tralee alimtaja Joe Barrett wa mji wake kabla sijauliza, na hakuna aliyempinga. Páidí Ó Sé wa Ventry akapewa namba tano, kwa medali zake nane na kwa jinsi alivyokuwa akiingia kwenye mpira kana kwamba amekodishiwa uwanja mzima. Seamus Moynihan wa Glenflesk, nahodha wa ubingwa wa mwaka 2000, akapata sita. Katika muda usiozidi nusu saa mabeki wote walikuwa wamepangwa, nami nikajidanganya kwamba tutalala mapema.

Tulipofika namba nane na tisa, yaani viungo, hapo ndipo mambo yalipoanza. Mvuvi alisema bila kuinua sauti kwamba namba nane ni Mick O'Connell na kwamba hakai tena kulijadili. O'Connell alitoka kisiwa cha Valentia, mkabala na kwao mvuvi, ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari. Zama hizo daraja lilikuwa bado halijajengwa, na kijana yule, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha simu za nyaya zilizopita chini ya bahari, alivuka kwa mashua ya makasia ili aende mazoezini, kisha akarudi kwa makasia gizani. Mwaka 1959 alikuwa nahodha Kerry walipowafunga Galway katika fainali. Watu bado wanasimulia kwamba alisahau kombe katika chumba cha kubadilishia nguo na kurudi kisiwani kwake usiku ule ule. Mvuvi hakutaka kuzungumzia kombe. Alitaka kuzungumzia jinsi O'Connell alivyoruka. Aliinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaufungua juu ya kichwa chake polepole, akaukunja kana kwamba ameshika kitu, akaushusha kifuani. "Hivyo," akasema. "Wengine waliruka kuupiga mpira ngumi. Yeye aliuchuma."

Nakiri kwamba moyo wangu ulikwenda upande wa O'Connell papo hapo, na sababu yake haikuwa ya kimpira. Nimezaliwa Pangani. Vijana wa Bweni, ng'ambo ya mto, walikuwa wakivuka kuja kucheza na timu ya kwetu huku wamebeba viatu shingoni, na nilipomsikia mvuvi akieleza kuhusu kijana anayevuta makasia kwenda mazoezini, niliona mto wetu. Sikutia neno, kwa sababu mwandishi wa orodha hana kura.

Mzee wa Tralee hakumkataa O'Connell. Aliuliza tu: na Jack O'Shea je? Jack O'Shea, medali saba, mchezaji bora wa mwaka mara nne, 1980, 1981, 1984 na 1985, aliyekimbia uwanja mzima na kufunga lile bao la fainali ya 1981 dhidi ya Offaly. Jack O'Shea naye ni wa Cahersiveen, mtoto wa mtaa wa mvuvi kabisa. Nilimwona mzee yule wa Iveragh akibanwa kati ya wawili wake. Akafikiri. Kisha akasema, "Basi wote wawili. Nane na tisa. Kwisha." Nikaandika.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo lilinichukua miaka kulielewa. Nyumbani tumezoea kwamba mchezaji husajiliwa. Baba yangu, mtu wa Yanga, alikufa bila kulisahau lile la tarehe 19 Julai 1977, Simba ilipoifunga Yanga sita bila, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu. Lakini hata yeye alijua kwamba mchezaji wa huku mwaka huu anaweza kuwa wa kule mwaka ujao. Kerry hakuna usajili wala mshahara. Chama cha michezo ya Kigaeli, kilichoanzishwa katika mji wa Thurles mwaka 1884, kimekuwa cha ridhaa tangu siku hiyo: unachezea klabu ya parokia yako, na ukiwa hodari unaitwa na kaunti, kisha Jumatatu unarudi darasani kufundisha au zizini kukamua ng'ombe. Kwa hiyo, ukimwambia mtu kwamba mchezaji wake hatoshi, umekitaja kijiji chake, na kaburi la babu yake limo ndani ya maneno yako. Ndiyo maana wazee hawa, waliokuwa wakiniomba radhi kwa kunisumbua wanapotaka maji, usiku ule walikuwa tayari kutosemezana hadi Krismasi.

Washambuliaji ni sita na majina yalikuwa kumi na mawili. Mikey Sheehy wa Tralee aliingia kwa ajili ya bao moja la mwaka 1978: kipa wa Dublin, Paddy Cullen, alikuwa ametoka golini akimlalamikia mwamuzi, na Sheehy akaupiga mpira wa adhabu kwa utulivu, ukampita juu huku akikimbia kinyumenyume kama mtu aliyesahau mlango wazi. Mzee wa Tralee alilieleza bao hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyotokea. Eoin Liston wa Ballybunion, jitu lililofunga mabao matatu katika fainali hiyo hiyo, akapata kumi na nne. Pat Spillane wa Templenoe, medali nane, hakujadiliwa. Colm Cooper wa Killarney, kijana mwembamba mwenye nywele nyekundu, aliteuliwa katika kikosi bora cha nchi mara nane. Aliingia kwa sauti moja.

Nilishangazwa na Maurice Fitzgerald, kwa sababu yeye ndiye aliyewanyamazisha. Mwaka 1997 Kerry walikuwa wamekaa miaka kumi na mmoja bila ubingwa, na kwa watu hawa huo ni ukame. Katika fainali dhidi ya Mayo timu ilipata pointi kumi na tatu. Tisa alizipiga yeye. Mzee wa Tralee alisema kwamba mke wake alikuwa mgonjwa siku ile, na kwamba ile ndiyo mechi ya mwisho waliyotazama pamoja. Baada ya hapo hakuna aliyetaja takwimu yoyote kwa muda. Nikaandika jina bila kuuliza namba.

Nikadhani tumemaliza. Ndipo bibi wa dirishani akasema, kwa sauti ya mwalimu, "Con Brosnan yuko wapi?"

Mvuvi akajibu kwa heshima kwamba Brosnan alicheza kabla yao wote, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyemwona. Bibi akageuka. Alisema, nami nitayaweka maneno yake kwa Kiswahili kadiri niwezavyo: "Nyinyi mnawachagua mliowaona wakiruka. Mimi namchagua aliyemwezesha baba yangu kukaa benchi moja kanisani na jirani yake."

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923 viliiumiza Kerry kuliko karibu kaunti nyingine yoyote. Huko Ballyseedy, kilomita chache kutoka pale tulipokuwa tumeketi, tarehe 7 Machi 1923 wanajeshi wa serikali mpya waliwafunga wafungwa tisa kwenye bomu la kutegwa na kulilipua. Wanane walikufa na mmoja akanusurika. Con Brosnan wa Moyvane alikuwa ofisa katika jeshi hilo la serikali. Joe Barrett wa Tralee, yule wa namba tatu, alikuwa upande uliopigana nalo, na alifungwa kwa ajili hiyo. Haikupita miaka mingi wakawa wanavaa jezi moja. Inasimuliwa kwamba Brosnan alimhakikishia usalama John Joe Sheehy, aliyekuwa bado anasakwa, ili atokee kwenye umati, acheze mechi, kisha apotee tena umatini. Na mwaka 1931 unahodha ulipokuwa mikononi mwa Barrett, kupitia klabu yake ya Tralee, alimpa Brosnan. Watu wake mwenyewe walimkasirikia. Akampa vilevile, na Kerry wakachukua ubingwa wa tatu mfululizo. Mwaka uliofuata wakachukua wa nne.

Bibi aliyasema hayo bila kupamba. Baba yake alikuwa wa upande mmoja na jirani yao wa upande wa pili, na kwa miaka minane hawakuamkiana. Walianza kusemezana wakirudi kutoka fainali, kwa sababu treni ilikuwa imejaa na kulikuwa na kiti kimoja tu karibu.

Mzee wa Tralee alikuwa ameinamisha kichwa. Najua, kwa kuwa baadaye aliniambia mwenyewe, kwamba baba mdogo wake alikuwa mmoja wa waliofungwa pamoja na watu wa Barrett. Alikaa kimya hadi nikahofia kwamba tumemchosha, nikanyoosha mkono kumpima mapigo ya moyo. Akaukwepa. "Mwandike Brosnan tisa," akaniambia. "Barrett asingecheza bila yeye." Nikamtazama mvuvi, maana namba tisa ilikuwa ya Jack O'Shea, mtoto wa Cahersiveen. Alivuta pumzi, akasema msogeze Jack mbele, namba kumi na moja, ana mbio za kutosha. Nafasi hiyo ilikuwa imeachwa kwa ajili ya John Egan wa Sneem, na hadi leo naona Egan alidhulumiwa, lakini hakukuwa na mtu wa Sneem sebuleni wa kumtetea.

Kulikuwa na jina moja ambalo hawakulitaka, nalo ni la David Clifford wa Fossa, kijana wa miaka ishirini na tatu, ambaye mwaka 2017 alikuwa nahodha wa vijana wa Kerry na kufunga mabao manne na pointi nne katika fainali moja. Mimi mwenyewe nililipendekeza, kwa kuwa ndiye pekee niliyemwona kwa macho yangu. Mvuvi alikataa. Alisema mtu asiye na medali ya wakubwa bado hajaanza, na kwamba wiki mbili nyuma aliyewaokoa dhidi ya Dublin ni Seán O'Shea wa Kenmare, kwa mpira wa adhabu wa mita zaidi ya hamsini dakika ya mwisho, si Clifford. Nikafunga kalamu. Ilikuwa saa sita kasoro.

Jumapili Kerry walishinda, pointi ishirini kwa kumi na sita, ubingwa wao wa thelathini na nane. Clifford alipata nane, na ile moja aliyoipiga akiwa amebanwa kando ya uwanja ilimfanya tarishi asimame bila mkongojo. Bibi alikuwa analia. Usiku, nilipokuwa nampa mvuvi dawa zake, aliuliza kama ile kalenda bado ninayo. Nilikuwa nayo mfukoni mwa sare yangu.

"Mwingize kijana," akasema. "Mtoe umtakaye. Ila usiniambie ni nani."

Nilikaa kwenye meza ya wauguzi na karatasi ile mbele yangu mpaka taa za korido zilipopunguzwa, kisha nikakata jina moja kwa mstari mwembamba, ili bado lisomeke.