Kijijini tutakaa, lakini shamba liko wapi?

Mimi ni mkimbizi, nashona vitenge hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilaya ya Isingiro, Uganda, na nasema wazi: kutukaribisha wakimbizi kijijini badala ya kutufungia kambini ni jambo jema. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, hatufungiwi ndani ya seng'enge. Sokoni Wakongo, Warundi na Wanyankole wenyeji tunapatana bei, mara nyingi kwa Kiswahili.

Lakini viwanja! Kule Bidi Bidi, makazi mengine ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda yaliyofunguliwa 2016, familia zilipimiwa mita 30 kwa 30. Toa nyumba, choo na jiko, yanabaki matuta machache ya maharage. Hapa kwetu jirani yangu, mama wa watoto sita, hukodi shamba la mwenyeji na kumlipa kwa sehemu ya mavuno. Mvua ikikosekana, deni liko palepale. Ndiyo maana vijana wanakimbilia Kampala, ingawa huko kila mtu hujilisha mwenyewe.

Anayetaka tukae kijijini atupe ardhi ya kulima na barabara ya kutolea mazao. Na wenyeji waliotupisha wapate visima na zahanati kama sisi, maana ng'ombe wao nao wamepungukiwa malisho kwa sababu yetu.