Mtoto Aliyekojoa Strungi

Kura iliniangukia Mtwara. Tulikuwa mwaka wa nne wa udaktari, na chuo kilitutawanya mikoani tukajifunze magonjwa ya watoto nje ya Dar es Salaam. Wenzangu waliopata Moshi na Iringa walinipa pole. Ilikuwa Novemba 2011, kipande cha barabara ya kusini, Ndundu hadi Somanga, bado hakina lami, na mvua za kwanza zilishaanza kukiharibu. Aliyepanda basi la kusini miaka ile hahitaji kusimuliwa zaidi.

Hospitali niliyopangiwa ilikuwa huko juu, kwenye uwanda wa Makonde. Sitaitaja jina, maana kuna upungufu nitakaoueleza, na watu wale walifanya kazi kwa kile walichokuwa nacho.

Somo la figo za watoto tulikuwa tumeshalimaliza darasani. Nilijua kipimo cha dawa ya prednisoloni, miligramu 60 kwa kila mita moja ya mraba ya mwili wa mtoto kwa siku. Nilikuwa nimeiona mashine ya kusafisha damu pale Muhimbili, nikasimama pembeni yake na daftari langu. Na katika mihadhara yote ile, mtoto mwenye ugonjwa wa figo aliingia kliniki akiwa amevimba uso, ameshikwa mkono na mama yake, anajibu maswali. Wa kwangu wa kwanza aliletwa Jumapili jioni akiwa mgongoni kwa bibi yake, mwili mzima unarukaruka, macho yamegeuka juu, na nywele zake zinanuka moshi.

Moshi ule manesi waliutambua hata kabla ya kuuliza. Mtoto alikuwa amefukizwa. Kwa watu wengi wa kusini na wa pwani, degedege lina wataalamu wake, na hospitali inakuja baadaye, kama itakuja. Kinachoogopwa zaidi ni sindano: mtoto akichomwa hali degedege limemshika, wanasema, hapo hapo anakwenda.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Sindano hapana. Mjomba wake hajafika."

Baba wa mtoto alikuwepo, amesimama karibu na dirisha, kofia mkononi. Hakutia neno. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na jambo zito la mtoto husubiri kauli ya mjomba. Mjomba mwenyewe alikuwa kwenye chama cha msingi akifuatilia malipo ya korosho, na ameshatumiwa mtu wa baiskeli.

Nesi wa zamu alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji wa huko huko, na hakubishana. Alivuta diazepamu ya kutuliza degedege, miligramu 10, kwenye bomba, akachomoa sindano mbele ya macho ya bibi, akaitupa kwenye boksi lake, akabaki na bomba la dawa peke yake. "Sindano hiyo imekwenda," akasema. Dawa akaipitisha njia ya haja kubwa. Baada ya dakika chache mikono ya mtoto ikalegea, kisha miguu, akaanza kukoroma. Bibi akakaa chini kwenye sakafu ya saruji, akanyoosha miguu.

Afisa tabibu aliyempokea alikuwa ameshaanza kuandika "malaria kali". Wala sioni cha kumlaumu. Mtoto alikuwa na miaka saba, alikuwa na degedege, na siku chache nyuma zahanati ya kijiji ilimpima malaria ikaonekana, akapewa dawa ya mseto, akaimaliza. Sukari yake ilikuwa sawa. Presha iliyoandikwa mapokezi ilikuwa 124 kwa 82, namba ambayo ukiiona kwenye faili la mtu mzima unafungua ukurasa unaofuata.

Nesi hakufungua ukurasa unaofuata. "Hii imepimwa na mkanda upi?" akauliza. Akatoa ufunguo aliouning'iniza shingoni, akafungua kabati, akatoa kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na mkanda mdogo wa presha, wa mtoto, umeviringishwa kwenye kipande cha kitambaa cha gozi. "Nikiuacha nje, kesho uko wadi ya wazazi, keshokutwa haupo kabisa." Akaufunga kwenye ule mkono mwembamba, akaniachia mimi nisikilize. 158 kwa 106. Akaniambia nirudie. Ikaja ile ile, imepungua mbili tu.

Mkanda wa mtu mzima ukiuzungushia mkono wa mtoto unafunika karibu mkono mzima, na namba unayoipata inashuka chini ya ukweli. Hilo ni moja. La pili ni kwamba hata ile 124 ilikuwa inapiga kelele: mtoto wa miaka saba presha yake ya juu hucheza kwenye mia au pungufu kidogo. Kitabuni yote mawili yameandikwa, kurasa tofauti. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna mahali palipoandikwa kuwa mkanda wenyewe ni wa kufungiwa kabatini kama dhahabu.

Daktari wa watoto, ndiye aliyekuwa mlezi wetu, alifika na kandambili na tochi. Hakuanza na mtoto. Alichuchumaa mbele ya bibi.

"Bibi, mkojo wake ukoje?"

"Kidogo. Tena rangi ya chai ya strungi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya hiyo malaria yenu."

Halafu akamulika miguu. Kwenye goti na muundi kulikuwa na vidonda vilivyoanza kukauka, vina magamba ya njano. Afisa tabibu akauliza kama si mafuta ya korosho, kwani watoto wengi msimu ule hubangua korosho nyumbani, na yale mafuta ya kwenye ganda huunguza ngozi vibaya. Bibi akatikisa kichwa. "Korosho haimwashi mtu usiku katikati ya vidole." Daktari akapanua vidole vya mtoto, tukaviona vile vipele vidogo vya upele, vimekwaruzwa mpaka vimetoa maji.

Ikabaki kumsikia akiunganisha, palepale kitandani, kwa Kiswahili, ili bibi na baba wasikie pia. Upele unawasha, mtoto anajikuna, bakteria wa streptokoka wanaingia kwenye mikwaruzo. Mwili unatengeneza kingamwili za kupambana nao. Wiki tatu hadi sita baadaye, wakati kidonda kinapona na kila mtu ameshasahau, kingamwili zilizoshikana na mabaki ya bakteria zinanasa kwenye vichujio vya figo, vichujio vinavimba. Damu inapenya kwenye mkojo. Maji na chumvi vinabaki mwilini. Presha inapanda, na ikipanda ghafla ubongo wa mtoto unashindwa kuhimili, anapata degedege. Ingekuwa koo ndilo lililoanza kuuma badala ya ngozi, alisema, ingechukua wiki moja au mbili tu.

Baba akauliza kwa sauti ya chini kama mtoto atapona. Daktari akamwambia ugonjwa huu, tofauti na mengine ya figo, watoto wengi sana hupona nao kabisa, ila lazima wavuke siku hizi chache. Na kuvuka kulihitaji sindano.

Mjomba alifika kama saa tatu usiku, suruali imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Kila mtu mle wadini alimwamkia, hata daktari. Akaelezwa yote. Alisikiliza akimtazama mtoto, si msemaji, na mwisho akauliza swali moja.

"Degedege limekwisha?"

"Limekwisha, mjomba."

"Basi hilo halipo tena. Chomeni."

Nimesoma baadaye kurasa nyingi kuhusu namna ya kuzungumza na jamii, na sijakutana na iliyofupisha jambo vizuri hivyo. Nesi akachoma furosemaidi ya kutoa maji, daktari akatoa haidralazini ya kushusha presha, polepole, huku mimi nikipima presha kila baada ya muda, maana kuishusha kwa kishindo nako ni hatari. Hadi adhana ya alfajiri ilikuwa 132 kwa 88, na mtoto akafumbua macho akauliza uji.

Asubuhi ndipo tulipofundishwa hasa. Vijiti vya kupimia mkojo vilikuwa vimeisha tangu mwezi uliopita, na hakuna aliyejua vitakuja lini. Daktari akanituma dukani nikanunue siki. Niliporudi alikuwa ameketi maabara na taa ya spiriti, mkojo wa mtoto kwenye mrija wa kioo, mweusi-mwekundu, na kidogo una povu. Akaushika mrija kwa koleo la mbao, akaupasha moto sehemu ya juu tu, ya chini akaiacha baridi ili tuwe na cha kulinganisha. Juu kukaanza ukungu, ukazidi, ukaganda vipande vyeupe. Akadondosha matone ya siki. "Ukungu ukiyeyuka, ni fosfeti, chumvichumvi tu za mkojo, usihangaike nayo. Ukibaki ni protini." Ukabaki.

Wakati tunasubiri mrija upoe akatusimulia kuwa hii si hila ya maskini. Richard Bright, daktari wa Hospitali ya Guy's kule London, alikuwa akipasha mkojo moto kwenye kijiko juu ya mshumaa, na mwaka 1827 akachapisha kitabu kilichounganisha uvimbe, mkojo unaoganda na figo zilizoharibika. Kwa muda mrefu ugonjwa wa figo uliitwa kwa jina lake. "Kwa hiyo," akasema daktari, "msiniambie tena hatuna vifaa. Semeni hatuna vijiti."

Mtaalamu wa maabara alikuwa ameshatafuta mayai ya kichocho kabla hatujaomba. Kusini huku mkojo ukionekana na damu, kichocho ndicho kinachofikiriwa mwanzo, na ana haki. Lakini damu ya kichocho mara nyingi huja mwishoni mwa kukojoa, na mtoto mwenye kichocho havimbi kope. Hakuona yai hata moja lenye ule mwiba wake wa mwisho. Alichoona, na akatuita tuone kabla mkojo haujakaa sana, ni vijiti vifupi vya rangi ya kutu vilivyoundwa na chembe nyekundu za damu zilizoshikamana, vimechukua umbo la vifereji vya ndani ya figo vilikotoka. Nilikuwa nimechora picha hiyo kwenye mtihani. Kuiona ikiwa imetoka kwa mtoto aliyekuwa hapo nje analilia chumvi kwenye uji, hiyo ni habari nyingine.

Chumvi ilikuwa vita yake. Daktari aliipiga marufuku, bibi akawa anapika mboga ya mtoto kwenye sufuria ya peke yake, na mtoto anaitema. Maji nayo yalipimwa kwa kikombe: kiasi alichokojoa jana, na nyongeza kidogo tu. Nilipomweleza bibi akacheka kwa mara ya kwanza. "Kumnyima mtu maji? Hiyo kwetu tunaijua." Vijiji vya uwandani viko juu, chemchemi ziko mabondeni, na licha ya mradi wa maji wa Makonde uliokuwepo tangu enzi za Mwingereza, mabomba ya kijiji chao yalikuwa yamekauka. Walinunua maji kwa dumu. Maji ya dumu hupikiwa na kunywewa. Kuoga kunangoja, na upele haungoji.

Kisha mjomba akaja na madafu. Aliyafuata bonde la chini, manne, ameyafunga nyuma ya baiskeli, kwa sababu kila mtu anajua dafu linafungua mkojo. Nesi aliyapokea kwa mikono miwili, akamshukuru sana, akamwambia figo zikiwa hazitoi mkojo, potasiamu iliyomo ndani ya dafu haina pa kutokea, inabaki kwenye damu na inaweza kuusimamisha moyo. Mjomba akayatazama madafu yake muda mrefu. Mwishowe tuliyanywa sisi wa zamu ya usiku, naye akiwa ameketi nasi.

Katikati ya wiki figo zikafunguka. Mtoto alikojoa usiku kucha, bibi akawa anajaza kopo la kupimia na kuniita kila mara nije niandike, hata nilipokuwa na mgonjwa mwingine. Mizani, iliyosoma kilo 23.4 siku ya kwanza, ikashuka hadi 20.1. Hapo ndipo niliona sura yake hasa: alikuwa mwembamba, na mashavu niliyodhani ni yake yalikuwa maji matupu.

Siku ya kumruhusu, presha ikiwa imekaa sawa, daktari alimwandikia kurudi kliniki, na akamwonya bibi kuwa damu kidogo isiyoonekana kwa macho inaweza kubaki kwenye mkojo kwa miezi mingi, wasiogope, ila uvimbe au strungi ikirudi waje hata usiku. Bibi alitaka tarehe isigongane na kuokota korosho. Wakavutana, wakaelewana.

Nesi akaleta chupa moja ya dawa ya upele ya kupaka, akaeleza ipakwe kuanzia shingoni kushuka, usiku, na ipakwe kwa kila anayelala nyumba ile, siku moja, wote, la sivyo mtoto ataupata tena kwa ndugu zake. Bibi akaigeuza ile chupa mkononi, akaanza kuhesabu kwa vidole: wajukuu, mama yao, shangazi aliyekuja kwa ajili ya msimu, vibarua wawili wa korosho wanaolala ukumbini. Alipomaliza mkono wa pili akaanza upya na wa kwanza. Daktari akachukua karatasi, akaandika chupa nne, akamtazama nesi. Nesi akasema stoo ziko mbili.

"Lete hizo mbili," daktari akasema, "na mjomba nimwandikie barua ya zahanati."