Hela inaishia wapi kwenye deki ya kadi

Mtwara, Jumapili usiku

Hela inaisaidia deki ya kadi mpaka mahali fulani, kisha inaacha. Hilo nimeliwaza mchana kutwa kwa sababu ya mpwa wangu wa Newala, aliyeuza korosho zake na sasa anataka kuongeza kadi za Magic: The Gathering, mchezo ambao kila mmoja hujipangia deki, yaani fungu lake la kadi. "Shikamoo mjomba," ameniandikia, "nikitia laki mbili nyingine, deki si itakuwa kali zaidi?"

Sitaki kumdanganya kwamba hela haina kazi. Deki ya Magic ina kadi zisizopungua 60, na kadi ya jina moja haizidi nakala 4, ukiacha zile ardhi za kawaida, yaani kadi zinazotoa mana, nguvu ya rangi fulani ya kulipia kadi nyingine. Unaanza na kadi 7 mkononi. Ukiwa na nakala 1 tu ya kadi unayoitegemea, uwezekano wa kuanza nayo ni kama asilimia 12. Ukiwa nazo zote 4, unakaribia asilimia 40. Hapo umenunua kitu halisi: deki inayofanya leo kile ilichofanya jana. Ardhi nazo ni hivyohivyo. Mwenye deki ya rangi mbili na ardhi za kawaida pekee hukwama mara kwa mara. Ana ardhi ya mlima, inayotoa nyekundu, kadi inataka ya kisiwa, inayotoa buluu, na mwenzake anaendelea kumpiga. Ardhi zinazotoa rangi mbili bila kumchelewesha mtu mara nyingi ndizo zinazobeba gharama kubwa, na wanaoanza huzipita kwa kuwa hazina picha ya joka. Mpwa wangu naye anataka majoka.

Lakini deki ikishakamilika, bei na nguvu zinaachana njia. Bei inategemea watu wangapi wanaitaka kadi na nakala ngapi zimebaki sokoni. Kadi iitwayo Lightning Bolt ipo tangu toleo la kwanza la mwaka 1993: mana moja nyekundu, nayo inaondoa 3 katika uhai 20 anaoanza nao mchezaji. Ni kati ya kadi nyekundu bora kabisa, na kwa kuwa imechapishwa tena na tena, nakala yake ya kawaida haimshindi mtu. Tarmogoyf ya mwaka 2007 iliwahi kuvuka dola 100 kwa nakala moja, kisha ikaporomoka. Uwezo wake ni uleule. Ilichapishwa upya, na kadi zilizokuja baadaye zikapata namna ya kuidhibiti. Watu walilipa bei ya namna hiyo kwa Jace, the Mind Sculptor pia, halafu mwaka 2011 ikapigwa marufuku kwenye mashindano ya Standard, yale ya kadi za matoleo ya karibuni. Hao walikuwa wamenunua nguvu ya kweli, na bado fedha haikuwalindia nguvu hiyo.

Kwenye Pokémon, mchezo mwingine wa kadi, ni wazi zaidi. Kadi moja, shambulio moja, hutoka kwa mchoro wa kawaida na kwa mchoro wa pekee, na huo wa pekee huuzwa mara nyingi ya ule mwingine. Mezani zinapiga sawa. Anayependa mchoro anunue, ni haki yake, ila ajue amenunua mchoro.

Marehemu baba yangu, babu yake huyu kijana, alicheza bao Mikindani miaka mingi. Kete 64, kila mmoja 32, komwe zilezile kwa wote, hakuna aliyekuja na kete za bei. Na bado kulikuwa na wazee ambao ukikaa nao, hata kunamua (kuingiza kete za mkononi) hamjamaliza, wameshajua nyumba yako, shimo lile kuu, itavunjikia wapi. Ujuzi wa aina hiyo ndio ninaoutamani kwa mpwa wangu, na laki mbili haziununui.

Huku kwetu kadi tunaziagiza, na gharama ya kusafirisha inaweza kuizidi bei ya kadi yenyewe. Ndiyo maana sisi wachache tunaokutana Shangani tumekubaliana: anayetaka kujaribu kadi ghali anaichapisha steshenari, anaitanguliza mbele ya kadi nyingine ndani ya mfuko wake wa plastiki, na kila mtu anajua ni karatasi. Mashindano rasmi hayakubali hilo, na hakuna ruhusa ya kumuuzia mtu karatasi kama kadi halisi. Nilidhani utaratibu huu utawainua waliokuwa wakishindwa kwa kukosa hela. Kwa kiasi umewainua, hasa waliokuwa wakikwama kwenye ardhi. Lakini wengi wa waliokuwa wakishinda wanaendelea kushinda, sasa wakiwa na kadi ambazo hata sisi tunazo: wanajua kadi gani ya kuishika na lini warudishe kadi zote za mkononi waanze upya. Kijana mmoja bingwa wetu ana deki ya Pauper, aina ya mchezo inayotumia kadi za daraja la kawaida tupu, na sijamwona bado akiomba kuchapisha chochote.