Fomu Iliyotaka Mshahara wa Baba

Nilikuwa nimeshapata nafasi ya chuo, na ile furaha ya siku ya barua ilikuwa imeshapoa. Kilichokuwa mezani usiku huo ni fomu ya kuomba mkopo wa masomo, kurasa nyingi kuliko nilivyotarajia, na tarehe ya mwisho iko mlangoni. Kurasa za mwanzo hazikunisumbua: jina, shule, alama za mtihani, kozi. Nikafika sehemu ya mzazi au mlezi. Kazi. Mwajiri. Idadi ya wanaomtegemea. Kipato ghafi kwa mwaka.

Nyumbani kwetu mshahara wa Baba ulikuwa siri yake. Sisi watoto tuliusoma kwa dalili tu: kuna wiki ambazo alikuwa na utani mwingi, na kuna wiki ambazo alipita chumba kwa chumba akizima taa. Hata Mama, nilikuja kujua usiku ule ule, alijua anachopewa cha matumizi, si kinachoingia.

"Andika mtumishi, inatosha," Baba alisema bila kuinua macho.

"Wanataka tarakimu, Baba."

"Ya nini? Anayesoma ni wewe au mimi?"

Aliuliza kwa hasira, lakini ni swali la maana kuliko alivyodhani. Kazi niliyokuja kuifanya baadaye imenikutanisha na utaratibu wa nchi nyingine, na nimeona wanajibu kila mmoja kivyake. Sweden hawamuulizi mzazi: mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, ruzuku na mkopo ni vyake, awe mtoto wa tajiri au wa maskini. Ujerumani sheria inamdai mzazi agharamie mafunzo ya kwanza ya mwanawe, na akigoma, serikali inaweza kumtangulizia mwanafunzi pesa kisha ikamgeukia mzazi. Uingereza mkopo wa ada hautazami kipato cha nyumbani, ila ule wa kujikimu unakitazama. Marekani nayo, kwa misaada ya serikali kuu, mwanafunzi asiyefika miaka 24 na ambaye hajaoa wala kuolewa kwa kawaida hupimwa kwa kipato cha wazazi, hata kama wazazi hao hawana mpango wa kumpa senti moja. Huo wa Marekani ndio unaonikera zaidi. Kukadiria kwamba mzazi ana uwezo ni jambo moja, mzazi kutoa ni lingine, na anayeumia katikati ni kijana.

Fomu yetu ilikuwa ya aina hiyo hiyo.

Aliyetukwamua ni dada yangu mkubwa, aliyekuwa amemaliza chuo na ameanza kukatwa mkopo wake kazini. Dada hana maneno ya kuzunguka. Alimwambia Baba kwamba wanachukua kipato chake, wanaangalia watu anaowalisha, wanakadiria familia inaweza kulipa kiasi gani, na pengo linalobaki ndilo wanalolikopesha. Ukiacha nafasi ile wazi, hawasemi huyu hana. Wanairudisha fomu.

Baba akanyamaza. Kisha akaingia chumbani, akakaa huko muda wa kutosha kutufanya tudhani amelala.

Alirudi na shajara ya zamani, na ndani yake mlikuwa na slipu ya mshahara iliyokunjwa mara nne. Mkunjo ulikuwa umeshakula tarakimu moja. Kushoto stahili, kulia makato. Dada aliivuta karibu na taa, mimi nikachungulia begani kwake. Upande wa kushoto ulikuwa na mistari miwili tu, mshahara na posho moja ndogo. Upande wa kulia ulishuka hadi chini ya karatasi: kodi, pensheni, bima ya afya, hisa za chama cha akiba na mikopo, halafu rejesho la mkopo, tena kubwa. Chini kabisa ndipo palipokuwa na pesa tuliyokuwa tukiila.

Fomu ilitaka ile ya juu kushoto. Hiyo ndiyo dosari ya hesabu hizi, na mpaka leo naiona kila ninapokaa na mzazi anayelalamika kwamba "wanasema ninaweza." Anayepima anaona kipato kabla ya makato, nyumbani wanaona kinachosalia. Ni kweli kwamba wakikubali kila kato, watu wangekopa makusudi ili waonekane hawana. Lakini zaidi ya theluthi ya mshahara ule haikuwahi kufika mlangoni kwetu, na fomu haikuwa na kisanduku cha kulisema hilo.

"Huu mkopo ni wa nini?" Mama aliuliza, kidole kikiwa juu ya mstari wa mwisho.

Baba akasema ni wa zamani. Mama akauliza zamani ipi. Dada ndiye aliyeitazama tarehe, maana slipu ilionyesha ulianza lini na unaisha lini. Ulianza mwaka wake wa mwisho wa chuo. Mwaka huo mkopo wake haukutosha, na Baba alikuja na ada yote kwa mkupuo, akatuambia amelipwa malimbikizo. Tulishangilia yale malimbikizo. Nakumbuka Mama aliyataja hadi kwa majirani.

Nilidhani Dada atalia. Badala yake alichukua kalamu yangu, akageuza karatasi ya majaribio, akaanza kupiga hesabu. Alipomaliza alisema rejesho lile ni lake, atakuwa anampa Mama kiasi hicho hicho kila mwisho wa mwezi mpaka liishe. Baba akakataa katakata. Mzazi hadai mtoto, alisema. Dada akajibu kwamba hakuna aliyemdai, ila pesa ile ikirudi nyumbani ndiyo itakayomlipia mdogo wake, yaani mimi, kwa hiyo akatae tena akiwa amenitazama. Baba hakunitazama.

Tukaendelea na fomu. Sehemu ya mama.

"Andika mama wa nyumbani," Baba alisema.

Mama alikuwa anashona. Sare za shule, mapazia, nguo za harusi za watu. Cherehani ilikuwa kwenye kona ya chumba kile kile tulichokaa, na kitambaa cha mtu kikiwa bado chini ya sindano. Dada akatoa tahadhari, na alikuwa sahihi kabisa: tukikiandika kipato cha Mama, jumla inapanda, na jumla ikipanda mkopo wangu unapungua. Hana mwajiri, hana slipu, hakuna wa kujua. Familia nyingi zingeacha wazi zikalala usingizi.

"Niandike," Mama alisema.

"Tutapunguziwa, Mama."

"Niandike. Sijashona miaka yote hii niandikwe sina kazi."

Alileta daftari lake la wateja, lile lenye vipimo vya viuno na mabega, na madeni ya watu pembeni. Tulikaa tukijumlisha miezi, tukiondoa vitambaa, uzi na matengenezo ya mashine. Ilituchukua muda mrefu kuliko fomu yote. Jumla ilipotoka, Baba aliomba irudiwe. Ikarudiwa, ikatoka ile ile. Haikuwa nyingi, lakini haikuwa ndogo kama sote tulivyozoea kuizungumza. Wapo watakaosema Mama alinigharimu mkopo. Ni kweli alinigharimu, na ningeandika hivyo hivyo tena.

Baada ya hapo, kugawana gharama kulikwenda haraka, maana kwa mara ya kwanza kila mtu alijua mwenzake ana nini. Dada aliandika upande wa nyuma wa karatasi ya majaribio. Baba, ada ambayo mkopo hautafikia, kwa awamu, kila mwanzo wa muhula. Mama, vifaa vya kuanzia na nguo. Dada, lile rejesho. Mimi, kuishi kwa pesa ya kujikimu itakayotoka kwenye mkopo bila kuomba nyongeza nyumbani, kufanya kazi likizo ndefu kwa ajili ya vitabu, na kuulipa mkopo wenyewe nikishaajiriwa. Baba akaongeza la kwake: nikirudia mwaka, mwaka wa ziada ni mzigo wangu. Nikaona ni haki. Akajaribu pia kusema kwamba kwa kuwa analipa, tuzungumze tena kuhusu ile kozi. Dada akamuuliza ni asilimia ngapi ya kozi hiyo anayoilipa. Hesabu ilikuwa pale pale mezani, na mjadala wa kozi ukaishia hapo.

Halafu Baba akasaini sehemu ya mdhamini. Alisoma kila mstari kabla ya kusaini, mpaka yale maandishi madogo yanayosema nisipolipa watamfuata yeye. Aliuliza kama najua maana yake. Nikasema najua. Akasema hapana, hujui, akasaini.

Mkopo ulipotoka ulikuwa wa sehemu, kama Dada alivyotabiri: pesa ya kujikimu yote, ada kiasi. Mpango ukafanya kazi kuliko nilivyotegemea. Awamu moja ilichelewa, nikazuiwa kufanya mtihani hadi risiti ilipofika, na hiyo ni habari ndefu ya siku nyingine.

Kilichotushinda ni vitu vidogo. Hakuna aliyeandika nauli ya kwenda na kurudi likizo, wala kuchapisha kazi za darasani, wala ziara ya mafunzo ya mwaka wa pili ambayo kozi yetu iliilazimisha. Nilipopata tangazo la ziara nilimpigia Dada nikamweleza kwamba gharama hii haimo kwenye karatasi.

"Basi ni yako," alisema.

Nikaanza kuwachapia wenzangu kazi zao usiku, kwa ukurasa, na ziara nikaenda.