Singeli haitaki taratibu

Video yetu ya mwisho wa muhula ni ya singeli, ule muziki wa kasi wa Dar es Salaam, na wiki nzima sijashika kamera. Nimekaa nahesabu mapigo ya wimbo: zaidi ya 200 kwa dakika! Nilitaka msanii aonekane akitembea kwa mwendo wa pole (slow motion) soko la samaki Feri, midomo ikienda sawa na wimbo. Hesabu ikagoma. Ukirekodi fremu (picha) 50 kwa sekunde ili uoneshe 25, kila kitu kinapungua kasi kwa nusu, hivyo wimbo lazima upigwe kwa kasi maradufu pale mnaporekodi. Bongo Fleva, sawa. Singeli? Atang'ata ulimi. Basi mwendo wa pole nawaachia wachuuzi na madalali, wao hawaimbi. Kesho alfajiri naenda Feri bila kamera, kuangalia jua linapigaje na kuongea na viongozi wa soko kuhusu ruhusa.