Sikuja Kusaidiwa

Tangu Jumapili kuna sentensi moja haitaki kunitoka kichwani. Mdogo wangu amepata kazi hatimaye, bosi wetu ameaga, kanisani tumekuwa kwenye mfungo wiki nzima, na yote hayo yamenipita hivi hivi.

Ilikuwa baada ya ibada. Yule mama anayetufanyia usafi alimfuata mhazini mlangoni, akamuulizia ujira wake uliochelewa. Mhazini akamjibu kwa upole kabisa: "Vumilia hadi katikati ya wiki, mama. Mwezi huu tuna maskini wengi wa kusaidia."

Mama akamtazama. "Mimi sikuja kusaidiwa, baba. Nimekuja kuchukua changu."

Sikuja kusaidiwa. Naisikia nikioga, naisikia nikipanga mafaili kazini. Kuchelewa kulipwa kunauma, lakini kilichonichoma zaidi ni jinsi jasho lake lilivyochukuliwa pale pale, mbele za watu, likatiwa kwenye fungu la sadaka. Na ule upole! Mhazini angefoka, pengine ningekuwa nimeshasahau.

Maandiko yako wazi mno kuhusu hili. Walawi 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24 inataka alipwe siku ileile, kabla jua halijachwa, na sababu inatajwa: ni maskini, na moyo wake unautegemea ujira huo. Yaani umaskini wake ndio unaotuharakisha tumlipe, nasi tumeugeuza kuwa sababu ya kumngojesha. Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Na Isaya 58, sura tunayoipenda sana nyakati za kufunga, inawakemea watu wanaofunga huku wakiwalemea wafanyakazi wao. Tuliisoma Jumatano, kwa sauti, wote tukaitikia amina.

Jana usiku, hasira ikiwa bado imenikaa kooni, nilirudi nyuma kidogo kwenye ile Kumbukumbu 24, na moyo ukafunguka. Aliyemkopesha mtu haruhusiwi kuingia nyumbani kwake kutwaa rehani. Asimame nje, mdaiwa mwenyewe amletee. Na ikiwa mdaiwa ni maskini na rehani ni vazi lake, arudishiwe jua linapokuchwa, apate kulalia. Hebu fikirini: anadaiwa, hana kitu, na bado Mungu anaulinda mlango wake usivukwe! Nilifurahi hadi nikaamka kitandani. Ndivyo ilivyo hata kwa masazo ya mavuno. Mwenye shamba hakuambiwa ayagawe kwa mkono wake huku watu wakishukuru. Aliambiwa ayaache, na mhitaji, kama Ruthu, aingie aokote mwenyewe. Huruma ya namna hii haimwinamishi mtu kichwa.

Yule mama alilipwa Alhamisi. Hata hivyo nimemwomba mhazini tuketi kesho tuisome sura hiyo pamoja, na nitapendekeza ujira wake uwe wa kwanza kutoka kila wiki, kabla hatujagusa fungu lolote. Ni mtu msikivu, nina imani atakubali.

Nyumbani nako, mama yangu mzazi amepiga simu tena kuhusu jicho lake la kushoto. Anasema sasa anaona ukungu hata mchana. Dada anadhani ni uchovu wa kushona usiku. Mimi sidhani.